Ryzen 5 5600G kwenye kompyuta ya gemu ya bei nafuu: uzoefu wangu hapa Mbeya

Ukiingia duka la kompyuta Mwanjelwa au Kabwe ukasema unatafuta mashine ya gemu, mara nyingi jibu la kwanza ni "chukua Core i7 hii, kaka", yaani yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya jina hilo. Uliza ni i7 ya kizazi gani. Nyingi zilizopo ni za mtumba, zimetolewa maofisini huko Ulaya, na ndani yake unakuta kitu kama i7-3770 ya mwaka 2012. Ina kori 4 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) na thredi 8 (mikondo ya kazi inayoshikwa kwa wakati mmoja). Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina kori 4 na thredi 8, ila kila kori yake inafanya kazi kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo i3 inaiacha i7 mbali kabisa. Isitoshe, ile ya 2012 haimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, na Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ukitaka kuicheza kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya mashine mpya. Sasa mtu anauziwa i7 kwa jina tu, halafu gemu analolitaka halifunguki. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaouziwa wengi ni vijana wa chuo waliojinyima miezi mingi.

Bajeti yangu ilikuwa kama milioni moja na laki tatu, bila kioo, maana kioo nilikuwa nacho. Kwa hela hiyo, kadi nzuri ya grafiki (inayochora picha za gemu) na prosesa nzuri kwa mpigo havipatikani. Ndiyo maana nilichagua Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD: kori 6, thredi 12, na grafiki imo ndani ya prosesa yenyewe. Unaanza kucheza leo, kadi unaitafuta taratibu mfuko ukiruhusu. Angalia sana hiyo herufi G. Ryzen 5 5600 bila G haina grafiki, na kwa Intel, i3-12100F au i5-12400F hazina pia. Ile F ndiyo inayokwambia. Ukifunga moja ya hizo bila kadi, feni zitazunguka, taa zitawaka, kioo kitabaki cheusi, na fundi asiyejua atakwambia mazabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) imekufa.

Prosesa, mazabodi ya A520, SSD (hifadhi ya mafaili) na pawa saplai niliagiza Kariakoo vikaja na basi hadi stendi ya Nanenane. Ukiagiza hivi, sema prosesa ibaki kwenye boksi lake. Prosesa za AM4 (aina ya soketi ya mazabodi hii) zina pini chini, nyembamba mno, na pini moja ikipinda haiingii kwenye soketi. Wakati wa kufunga, kuna pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja ya prosesa na alama kama hiyo kwenye soketi. Unazilinganisha, unanyanyua kile kiwiko cha chuma, prosesa inadondoka mahali pake bila kusukumwa. Ikigoma, itoe uangalie upya.

RAM ndiyo sehemu ambayo wengi wanaiharibu. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM ya mashine. RAM moja ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Zikiwa mbili kwenye nafasi zake sahihi unapata 51.2. Kuweka RAM moja ya GB 16 ni sawa na kuyapitisha malori yote ya Tunduma kwenye njia moja. Nilijaribu mwenyewe GTA V, kioo cha 1080p, mipangilio ya kawaida. Kwa RAM moja ya GB 8 nilikuwa naona fremu arobaini na kitu kwa sekunde, na gari likiingia mjini picha inakwamakwama. Nilipoongeza ya pili inayofanana nayo ikasimama kwenye sitini na zaidi, gari likakata kona bila kusita. Kwa hiyo nunua mbili za GB 8. Mazabodi yako ikiwa na nafasi nne, kwa kawaida zinakaa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Ukimaliza ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi) uwashe XMP, inayoipa RAM kasi yake kamili (kwenye baadhi ya mazabodi inaitwa DOCP), la sivyo RAM ya 3200 inaweza kubaki inatembea kwa 2133 au 2400.

Bila kadi yoyote, eFootball inakwenda vizuri, Valorant inakwenda vizuri sana, CS2 inachezeka ukishusha mipangilio. Magemu mazito ya miaka hii ya karibuni usiyategemee. Yanafunguka, lakini hayafurahishi.

Baadaye nikaongeza RX 6600 ya GB 8. Kadi hii naipenda. Inakula wati 132, inatumia waya mmoja wa pini nane, na AMD wanapendekeza pawa saplai ya wati 450. Yangu ni ya 550 yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, kwa hiyo sikubadilisha chochote. Pawa saplai ndiyo kitu pekee ambacho sikutaka kupunguza hata shilingi. Zile zinazokuja bure na keisi, zimeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa na ukizinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu, ziache hukohuko. Umeme wetu ukirudi baada ya kukatika unarudi kwa kishindo, na kitu cha kwanza kupokea kishindo hicho ni pawa saplai. Nimeweka pia UPS (betri ya akiba) yenye kidhibiti cha volti. Hainipi muda wa kuendelea kucheza, inanipa muda wa kuzima mashine kwa utaratibu, na hicho ndicho ninachokitaka.

Udhaifu wa 5600G unaonekana hapo kwenye kadi. Kashe yake ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyomo ndani ya prosesa) ni MB 16 wakati 5600 ya kawaida ina MB 32, na kwenye PCIe (njia inayounganisha kadi na prosesa) inaishia 3.0 wakati mwenzake ana 4.0. Kwa RX 6600 tofauti ipo ila ni ndogo, mimi nacheza wala siifikirii. Kwa RX 6500 XT ni habari nyingine: kadi hiyo imepewa njia nne tu za PCIe na kumbukumbu ya GB 4, ukiiweka kwenye 3.0 inashuka vibaya. Kwenye 5600G usiinunue hata ikishushwa bei. Na kuna RX 580 nyingi za mtumba mtaani. Soma vizuri kama ni 2048SP, yaani yenye vitengo 2048 vya kuchakata picha, kwa maana RX 580 kamili ina 2304. Bei zinafanana, kazi hazifanani.

Joto halinisumbui. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai chumba kina baridi yake, feni iliyokuja na prosesa inatosha kabisa. Kinachosumbua ni vumbi la kiangazi, hasa kwetu tunaokaa karibu na barabara ya udongo. Ninafungua ubavu wa keisi, nashika panga za feni kwa kidole zisizunguke, napuliza na kupitisha brashi laini kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa). Mashine isikae sakafuni.

Kwa mwenye hela ya prosesa na kadi kwa pamoja, ningemwambia achukue Ryzen 5 5600 au i3-12100F na hiyo RX 6600, asiilipie grafiki ya ndani ambayo hataitumia. Kwa anayejenga kidogokidogo kama nilivyojenga mimi, 5600G naisimamia bila wasiwasi. Na mazabodi ya AM4 bado ina nafasi ya kupanda: baada ya kusasisha BIOS, yangu inapokea Ryzen 7 5700X3D, yenye kori 8 na kashe ya L3 ya MB 96. Nikiipata kwa bei ya maana, hii G itahamia kwenye kompyuta ya mdogo wangu aliyeko Iringa, anayecheza eFootball tu na hana haja ya kadi.