Kisu kikali, loki ya kubahatisha

Kisu cha kukunja kisichoshika loki ni mtego wa panya, na huu nimeulipia mwenyewe. Majuzi nilitumbukiza ncha kwenye boksi gumu, ikakwama. Nilipokuwa naichomoa, mgongo wa bapa ukaegemea kadibodi, loki ikaachia, bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada. Sikuwa nimetumia nguvu yoyote ya maana.

Loki yenyewe ni ya kibati: kipande chembamba cha chuma ndani ya mpini, kinachochepuka na kukaa nyuma ya kitako cha bapa pale unapofungua. Kikiwa sawa, hushika walau robo ya unene wa kitako. Changu kinagusa ukingo tu, kama mtu aliyekaa ncha ya benchi. Ukifungua kisu kwa kurusha bapa kwa nguvu, kipande hicho kinaingia zaidi na kinalia "tak!" ya kutia moyo, na hapo ndipo wengi tunadanganyika. Kifungue polepole kwa kidole gumba, kisha chungulia ndani ya mpini: hiyo ndiyo hali yake halisi.

Nilidhani skrubu ya bawaba imelegea. Nikaikaza kwa bisibisi ya nyota, T8, bapa likagoma kufunguka. Nikailegeza robo mzunguko, likaanza kucheza kushoto na kulia. Wosha zake ni za plastiki laini, hakuna mahali pa katikati. Hata ile gundi ya buluu ya kushikia nyuzi za skrubu haikusaidia (tone moja linatosha, likimwagikia bawaba, bapa linaganda). Kukaza skrubu hakurekebishi kitako kilichochongwa vibaya.

Muuzaji nilipomweleza, akanijibu bila hata kukishika: "Kisu ni cha kukatia, siyo cha kuchokonolea." Sawa bosi. Basi hiyo loki mliiweka ya nini?

Lakini nisiwe mnafiki, makali yake ni mazuri kwa bei ile. Chuma ni 8Cr13MoV, aina ya Kichina isiyoshika kutu kirahisi, kinanoleka upesi: jiwe la kunolea la namba 1000, kama digrii 20 kila upande, kisha pitisha kwenye mkanda wa ngozi, kinakata karatasi bila kuichana. Klipu nayo inabana vizuri mfukoni. Kwa kamba na bahasha ningekisifu.

Ndiyo maana kinaniudhi. Visu vyekundu vya Victorinox vyenye springi tupu ya kushikilia bapa havikuahidi loki, kwa hiyo mkono unakaa na tahadhari. Opinel, kisu cha kukunja cha Kifaransa, ina pete unayoizungusha ikaziba njia ya bapa, tangu 1955, na unaiona kwa macho kama imefunga (mpini wa mti huvimba ukilowa, bapa likawa gumu kutoka, ila hilo halikati mtu). Loki ya uongo ni mbaya kuliko kukosa loki.

Ukikipenda hata hivyo, kijaribu kabla ya kutoa pesa: kifungue, ondoa vidole vyote kwenye njia ya bapa, gonga mgongo wake taratibu juu ya ubao mara tatu nne. Kikijikunja hata mara moja, kirudishe.

Nyota mbili. Hapana, moja. Ile ya pili ilikuwa ya makali, na makali ndiyo yaliyonikata.