Uzoefu wangu na ruzuku ya vijana ya mazingira: hela tulipata, mvua ilishaondoka

Natoa nyota 3 kati ya 5, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa ajili ya dada mmoja wa maendeleo ya jamii kwenye kata yetu tu, bila yeye mpaka leo tungekuwa tunaambiwa njooni kesho.

Sisi ni kikundi cha vijana saba, tuko huku pembeni ya ziwa mkoani Mwanza, jina la halmashauri silitaji maana bado nakanyaga pale karibu kila wiki na sitaki nifike dirishani niambiwe "aaah wewe ndo yule mwenye mdomo". Ilipotangazwa kwamba kuna ruzuku ndogo za miradi ya vijana ya tabianchi, nusu ya kikundi walikimbia wakidhani ni ile mikopo ya asilimia 10. Siyo hiyo wadau. Ile asilimia 10 inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, riba hamna ila ni mkopo na utaurudisha, halafu ilisimamishwa 2023 ikaja kurudi 2024 kwa hiyo watu bado wana kinyongo nayo. Hii yetu hurudishi hata mia, unachorudisha ni ripoti na risiti. Kwenye risiti hapo ntarudi, kuna kisa.

Mradi wetu ulikuwa kitalu cha miche ya kupanda ukingoni mwa ziwa. 2024 ziwa lilijaa maji yakapanda mpaka kwenye vibanda vya mama zetu wa dagaa pale mwaloni, yalipokuja kupungua tukakuta ule udongo uliokuwa umeshikwa na matete umeondoka, umebaki mchanga na mawe. Tukasema basi tupande miti, tuache kulalamika.

Kuomba kwenyewe si kugumu kama watu wanavyotishana. Cheti cha usajili, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye saini zetu wote, barua ya mtendaji, akaunti ya benki ya kikundi, basi. Kilichotuchelewesha ni akaunti, maana mwenzetu mmoja NIDA yake, yaani kitambulisho cha taifa, ilikuwa na jina lililokosewa herufi moja na benki wakagoma kabisa. Andiko tuliliandika kwenye simu, tukaenda kuprinti mjini. Siku ya kuhojiwa mzee mmoja kwenye jopo akatubana, "plastiki zimepigwa marufuku tangu 2019, nyie watu wa mazingira mnaniletea bajeti ya viriba?" Daah. Nikamjibu marufuku ile ni ya mifuko ya kubebea bidhaa, viriba, yaani vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, ni vya kilimo havimo, akatikisa kichwa akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Sasa njoo kwenye muda, ndo lawama yangu kubwa. Tuliomba Novemba, tukaambiwa tumepita Februari, tukashangilia, tukajua masika ya Machi mpaka Mei tunapanda. Hela imeingia Juni. Juni! Mtu yeyote wa huku anajua Juni mpaka Agosti hakuna mvua, ni jua na upepo, yaani mwaka wa fedha wa serikali ulikuwa unafungwa ndo wakakumbuka kutupa, na sharti likawa lilelile, awamu ya kwanza itumike ndani ya miezi mitatu la sivyo awamu ya pili haitoki. Kwa hiyo tukaotesha miche kiangazi, huku tunajua tunachofanya ni ujinga.

Halafu afisa mazingira akaja kukagua. Kijana mwenzetu tu, mpole, akatoa futi yake ndefu akaanza kupima kutoka kwenye maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa, na kitalu chetu chenye kibanda kilikuwa kwenye mita 38. Miti kupanda humo ruksa, tena ndo inavyotakiwa, ila kitalu na kibanda vitoke. Hatukubishana maana alikuwa sahihi, na kusema kweli tulitakiwa kujua wenyewe. Tukahamia mlimani juu ya mawe, maji tukayaacha chini. Kuanzia hapo ikawa zamu ya madumu ya lita 20, asubuhi safari sita jioni safari sita, na kwenye bajeti hatukuandika pampu wala hela ya boda kwa sababu tulipokuwa tunaandika ziwa lilikuwa pale miguuni. Ukiniuliza miche mingapi ilikauka ntakwambia zaidi ya nusu. Iliyopona iliokolewa na magugu maji, tuliyavuta ufukweni tukayaanika mpaka yakakauka kabisa tukatandaza juu ya viriba, udongo ukawa unakaa na unyevu mpaka kesho yake. Hilo jambo hatukufundishwa na semina yoyote, ni bibi mmoja jirani anavyofanya kwenye mchicha wake.

Haya, risiti. Masharti yanasema kila manunuzi yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Samadi tulinunua kwa mzee mmoja mfugaji, tulivyofika tukamsalimia Kisukuma "mwangaluka baba", tukakaa tukapewa na maziwa, tukapatana bei ya tripu mbili za mkokoteni. Nikamwomba risiti ya mashine. Akaniangalia, akawaangalia ng'ombe, akauliza, "mashine naifunga kwa yupi?" Tukacheka mpaka basi lakini ofisini hakuna aliyecheka, mhasibu alirudisha ripoti yetu mara mbili kwa ajili ya hiyo samadi ya elfu arobaini. Ndo yule dada wa kata akatuonyesha kwamba unaweza kuandika hati ya malipo, muuzaji anaweka dole gumba, mtendaji anagonga muhuri, ikapokelewa. Sa si wangetuambia siku ya semina jamani, semina nzima tulikula pilau na kuangalia pawapointi za kuyeyuka kwa barafu ya Kilimanjaro.

Ila niwe mkweli, hela yote iliingia kama ilivyoandikwa, hakuna aliyeniomba ya soda, na awamu ya pili ilitoka wiki tatu baada ya ripoti kukubaliwa. Wanaoomba kaandikeni bajeti ya maji na usafiri hata kama ziwa mnalilalia, na risiti anzeni kuziwaza kabla hamjaenda kwa mwenye ng'ombe.

Mijohoro na miarobaini iliyobaki tuliipanda mvua za Novemba, ile ya karibu na mawe mbuzi wameshaionja. Wakifungua dirisha tena tunaomba, na pampu safari hii iko mstari wa kwanza.