Kujipima kwenye kozi ya uzamili kwa Workshop ya Moodle: uzoefu wangu

Nimeitumia Workshop ya Moodle, yaani chombo cha wanafunzi kutathminiana ndani ya mfumo wa masomo ya mtandaoni uitwao Moodle, kwa mihula miwili kwenye semina za uzamili, ambako sehemu ya alama za kazi za muhula hutoka kwa mwanafunzi mwenyewe na wenzake. Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano nimeibania kwa sababu chombo chenyewe hakikudai ushahidi. Jedwali la vigezo likiwa legelege, kinapokea namba yoyote utakayoijaza, na hapo ndipo kujipima kunapoharibika.

Kazi hupita hatua 5: maandalizi ya mhadhiri, kuwasilisha, kutathmini, kukokotoa alama, kisha kufungwa. Unapojipa alama bado hujui wenzako wamekupa ngapi. Utaziona kazi ikishafungwa. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ukishajua mwenzako kakupa 60, hutathubutu kujipa 80 wala 45, utazungukazunguka palepale alipokuweka yeye.

Kama huoni kazi yako mwenyewe kwenye orodha ya kutathmini, angalia kwanza jambo hili: ruhusa ya kujitathmini iko mahali pawili. Mhadhiri huiwasha kwenye mipangilio, halafu anapogawa kazi kwa kubahatisha inambidi aweke tiki nyingine ili kila mtu aongezewe na kazi yake. Akiiacha hiyo ya pili, utapata kazi za wenzako tu. Mwambieni mapema, kabla hatua ya kutathmini haijapita.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapogombana bila sababu. Moodle yenyewe huanza na mgawanyo wa 80 kwa kazi uliyowasilisha na 20 kwa ubora wa utathmini wako, ingawa mhadhiri anaweza kuubadilisha. Tathmini yako juu yako hubeba uzito sawa na ya mwenzako yeyote. Chukua mfano: watatu wamekupa 60, 62 na 64, wewe ukajipa 90. Wastani unakuwa 69, wakati bila wewe ungekuwa 62. Alama 7 nzima zimetoka kwenye kalamu yako. Mhadhiri anaweza kuushusha uzito wa tathmini ya mwenyewe hadi 0. Maoni yanabaki yanasomeka, ila hayaingii kwenye wastani. Mimi naunga mkono 0. Alama ya kujipa ikishakuwa na faida, haikuambii tena ukweli.

Zile 20 nazo zina mtego wake. Mfumo hutafuta tathmini iliyo karibu zaidi na wastani wa wote, huichukua kuwa ndiyo bora, kisha hupima nyingine zimeikosa kwa umbali gani. Kazi ikitathminiwa na watu wawili tu, wote wako umbali sawa na wastani, kwa hiyo wote hupata alama kamili hata kama mmoja amebahatisha. Watathmini wawe 3 angalau, na 4 ni bora zaidi.

Lakini mipangilio yote hiyo haisaidii kama vigezo ni vya maneno matupu. "Nilishiriki kikamilifu" hakipimiki. Kigezo kizuri cha ushiriki kinahesabika: ngazi ya 0, sikuja na andiko lolote, ya 1, nilisoma matini, ya 2, nilileta swali lenye namba ya ukurasa, ya 3, swali langu au jibu langu liliendelezwa na mtu mwingine. Kando ya kila ngazi pawe na nafasi ya kuandika tarehe na jambo lenyewe. Bila tarehe, futa.

Ushahidi huo haupatikani wiki ya mwisho. Ukingoja muhula wa wiki 15 uishe ndipo ujaze, utakumbuka vipindi viwili ulivyong'ara na kimoja ulichoaibika. Weka daftari lenye safu 4: tarehe, nilichokuja nacho, nilichochangia, nilichobadili mawazo. Dakika 10 zinatosha, siku ileile ya kipindi. Safu ya nne ndiyo ngumu na ndiyo yenye thamani, kwa sababu ikikaa tupu wiki tatu mfululizo, yamkini unahudhuria tu.

Kuna jambo la lugha ambalo vyuo vyetu vya Tanzania vinalipitia juujuu. Semina huendeshwa kwa Kiingereza, na kuna mwanafunzi ambaye anapomaliza kuipanga sentensi yake kichwani, mjadala umeshahamia kwingine. Huyo hujipa 1 kwenye ushiriki, na wenzake nao humpa 1, ilhali maandishi yake yanaonyesha amewazidi wengi. Vigezo vikubali pia mchango ulioandikwa ndani ya saa 24 baada ya kipindi. Bila hivyo mnapima wepesi wa ulimi.

Kujifunza hupimwa kivingine. Funga matini, andika kwa dakika 5 hoja kuu na pingamizi moja, kisha fungua ulinganishe. Kusoma tena na tena huleta mazoea, na mazoea hujifanya uelewa. Mwaka 1999 wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning walichapisha utafiti ambao robo ya washiriki waliopata alama za chini zaidi kwenye majaribio, waliokuwa kwa wastani kwenye nafasi ya 12 kutoka chini kati ya 100, walijikadiria kuwa kwenye ya 62. Ujuzi unaohitajika kuliona kosa ni uleule uliokosekana wakati wa kulifanya, ndiyo maana usitegemee hisia.

Kwa hiyo kabla ya kila kazi kurudishwa, andika alama unayoitarajia, kisha tofauti yake na uliyoipata. Ukitarajia 72 ukapata 61, andika +11. Kazi tatu zikitoka zote na jumlisho, unajipendelea. Zikitoka na kutoa, unajinyima, na kwa wenye haya hili la pili si la kupuuzwa.

La mwisho ni dogo: maoni marefu yaandike kwanza kwenye simu au daftari, halafu uyabandike. Mtandao ukikatika katikati ya fomu, hutayaandika tena kwa uangalifu uleule.