Faili la A3 la mifuko 20: linafaa kwa kurasa za zamani za mbio za baiskeli?

Faili hili la mifuko ya plastiki halina jina la kiwanda, na utalikuta kwenye maduka ya vifaa vya ofisini mjini Mbeya, kuanzia Uhindini hadi Mwanjelwa. Kinacholibeba ni ukubwa. Kurasa nyingi za magazeti ya picha ya Ufaransa na Italia, zile za enzi za Coppi na Bartali, waendesha baiskeli wa Italia wa miaka ya 1940 na 1950, zimezidi A4, na ukurasa ukikunjwa wino hupasuka kwenye mkunjo. Gazeti zima lililofunguliwa halitoshi humo, usihangaike nalo.

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya pembetatu inayoonyesha aina ya plastiki. Ikiwa na namba 5 au PP, chukua. Ikiwa na 3 au PVC, rudisha. Aina zote mbili huweza kukaa rafu moja na majalada yakafanana. Pasipo alama, nusa: PVC mpya hunuka kama pazia la bafuni lililotoka dukani. Bado una shaka? Choma waya wa shaba mpaka moto usibadilike rangi, ugusishe kwenye kipande cha plastiki, urudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, ni PVC. Fanyia nje, moshi wake ni sumu. Vilainishi vya PVC, yaani kemikali zinazoilainisha, hujitoa polepole, mfuko ukaanza kunata, na siku ya kuutoa ukurasa wino unabaki kwenye plastiki.

Kasoro kubwa ni karatasi nyeusi zilizomo kila mfuko: zikipata unyevu huchuja rangi. Zitoe zote, weka karatasi nyeupe ya fotokopi ya A3. Ukipanga kurasa mbili mgongo kwa mgongo, hiyo nyeupe ikae katikati, maana asidi ya karatasi chakavu huhamia kwa jirani. Pini zenye kutu zing'oe kwanza. Selotepu na laminesheni, hapana kabisa.

Mdomo wa mfuko uko juu, kwa hiyo faili likisimama hula vumbi la kiangazi. Lilaze, na msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, lisiguse ukuta wenye unyevu.

Rangi isikutishe. L'Auto, gazeti la Ufaransa lililoanzisha mbio za Tour de France mwaka 1903, lilichapwa kwenye karatasi ya njano. La Gazzetta dello Sport la Italia, waanzilishi wa mbio za Giro d'Italia mwaka 1909, hutumia ya waridi. Rangi ya kiwandani imeenea sawasawa, uchakavu ni kahawia inayoanzia pembeni. Muuzaji akijisifu kwamba ameusafisha ukurasa wa L'Auto ukawa mweupe, mwachie.