Wolf Creek, Colorado: mlima wa theluji wa familia moja, nimeuelewa sana

Tangu nirudi Tanga kila nikikaa barazani hapa Ngamiani naulizwa habari za theluji, sasa naandika yote kwa mara moja, hasa kwa wale wenye ndugu Marekani wanaojipanga kwenda kipindi cha baridi. Jibu langu fupi: kama mnataka kuteleza kwa ski, yaani zile mbao ndefu unafunga miguuni unashuka nazo kwenye theluji, achaneni na milima ya majina makubwa kama Vail na Aspen hukohuko Colorado, nendeni Wolf Creek.

Iko kusini mwa Colorado, juu kabisa pale barabara kuu ya 160 inapokatiza milima ya San Juan, kati ya Pagosa Springs na South Fork. Sisi tulitokea kwa dada, Albuquerque, jimbo la jirani la New Mexico. Na kilichonikosha zaidi ni kwamba siyo mali ya kampuni yenye milima kibao kila jimbo, ni ya familia ya Pitcher, wameushika zaidi ya miaka 40. Tofauti unaiona ukishuka tu kwenye gari: hamna hoteli pale mlimani, hamna maduka ya kifahari, parking bure, kuna majengo machache ya kula na kukodi vifaa, basi, mengine yote ni mlima. Kulala unalala mjini Pagosa au South Fork, kwahiyo hela inabaki kwa watu wa pale. Bilionea mmoja wa Texas, Red McCombs, alitaka kujenga kijiji kizima cha kitalii hapo juu tangu miaka ya 1980, ikawa kesi juu ya kesi, yeye mwenyewe amefariki 2023 na kijiji hakijajengwa. Mi naomba kisijengwe.

Bei sasa. Vail tiketi ya siku moja ya lifti, vile viti vya kwenye waya vinavyokupandisha mlimani, ukinunua dirishani msimu umechanganya inapita dola 200 kwa mbali, Wolf Creek hulipi hata nusu ya ile ya Vail, afu wana siku maalum za wenyeji ambazo bei inashuka zaidi, angalieni kalenda yao kabla ya kupanga safari.

Theluji yenyewe ndo usiseme. Wastani wanaoutangaza ni inchi 430 kwa msimu, yaani karibu mita 11, na karibu yote imeanguka yenyewe, siyo ya mashine. Sababu ni ileile inayofanya Amani kule milima ya Usambara inyeshe wakati Tanga mjini jua linawaka: upepo wenye unyevu unatoka baharini, unakutana na milima, unalazimika kupanda, ukipoa unamwaga kila ulichobeba. Huku kwetu inakuwa mvua, kule Pasifiki ndo inaleta na inashuka theluji. Ila hiyohiyo theluji inaweza kufunga barabara, wanaifunga kwa muda ili waiporomoshe ile ya juu makusudi kabla haijawaporomokea watu, kwahiyo msiende na gari la matairi yaliyokwisha na msipange kurudi usiku uleule wa kupanda ndege.

Kitu ambacho watu wa pwani lazima wakizingatie ni urefu. Chini pale unapoanzia ni mita 3,140 na juu kabisa ni 3,628, ukiwa Kilimanjaro hapo ni katikati ya kambi za Mandara na Horombo, na wewe umezaliwa Raskazone pale ufukweni Tanga. Kichwa kinauma, pumzi inakata, shemeji yangu alilala kwenye gari mchana mzima. Laleni Pagosa usiku mmoja kwanza, kunyweni maji mengi, pakeni losheni ya jua maana theluji inarudisha mwanga wote usoni.

Kwa wanaoanza kuna sehemu yao na lifti yao ya Nova, mteremko umelala kabisa, hamna anayekupita kwa fujo. Chukueni mwalimu, usidanganywe na ndugu kwamba atakufundisha. Mwalimu wetu alikuwa mtu mzima, mpole, alitufundisha kuanguka kabla ya kutufundisha kwenda, halafu kupunguza spidi: ncha za mbele za ski unazikaribisha, nyuma unatanua. Watoto wa dada walishika haraka sana, mchana walishahamia lifti ya Raven. Dada zetu, helmeti inakaa vizuri juu ya hijabu nyembamba, sufi nzito ndo inabana. Jinzi msivae, zikilowa zinaganda. Chakula sisi tulibeba chapati na mayai, tukala garini, roho zikatulia kuhusu nyama.

Buti ndo zinaharibu au kutengeneza siku. Duka moja mjini lilinipa buti kubwa nikaambiwa ndivyo zinavyokuwa, uongo, buti ikikushika vizuri kisigino hakinyanyuki. Jaribuni mpaka mridhike, hata foleni ikinuna.

Jioni mkishuka Pagosa kuna chemchemi za maji ya moto zinanuka salfa kama zile za Galanos kule Amboni, ila wenzetu wamezijengea mabwawa, vyumba vya kubadilishia, taa, na miguu iliyochoka inapona humo. Galanos ipo pale miaka yote na kuogea kwa starehe hamna, inaniuma kwakweli.

Huwa wanafungua mapema kuliko wengi, Novemba mara nyingi wako kazini. Nendeni katikati ya wiki, wikiendi watu wa Texas na New Mexico wanajaa.