Safari ya siku moja kwenye ushoroba wa Kwakuchinja: inafaa pesa yake

Nafundisha jiografia hapa Arusha, kwa hiyo safari hii niliilipia kwa ajili ya ushoroba, yaani njia wanayopita wanyamapori kutoka hifadhi moja hadi nyingine, si simba. Gari halikukimbilia geti la Tarangire. Tulisimama upande wa Minjingu, kando ya barabara ya Dodoma, na kiongozi wetu, kijana aliyekulia huko huko, akatuonyesha wanyama wanapopita kati ya Tarangire na Ziwa Manyara.

Anaeleza vizuri mno. Kiangazi wanyama hubanana Mto Tarangire kufuata maji. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini, wengi wao kwenda kuzalia mbuga za Simanjiro, ambako majani yana madini yanayowafaa mama wanaonyonyesha. Sasa mvua zikivurugika kwa mabadiliko ya tabianchi, mnyama aliyezungukwa na mashamba na nyumba atahamia wapi? Hifadhi isiyo na njia ya kutokea ni zizi tu! Tuliona twiga wakivuka lami huku malori yanakuja kasi. Moyo ulinidunda. Kanuni za kulinda shoroba zipo tangu 2018; natamani kila dereva wa barabara ile azijue.

Kasoro: muda mwingi mno duka la vinyago, na chakula cha boksi kilikuwa kikavu.

Mkiweza, nendeni vuli inapoanza, makundi yakitoka. Bebeni darubini zenu, za kampuni hazitoshi gari zima.