Mantiki au falsafa? Nimesoma zote mbili, haya ndo maoni yangu

Kila usajili wa kozi ukifunguliwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wananiuliza swali lile lile, nichukue mantiki au utangulizi wa falsafa? Mimi nilichukua zote, falsafa ndo nilianza nayo, na ningerudi nyuma ningegeuza.

Falsafa lekcha zake tamu jamani. Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, anakuuliza umejuaje kama jua litachomoza kesho, unajibu mbona huwa linachomoza kila siku, halafu unashtuka kumbe hapo hujajibu kitu, maana ya jana hayathibitishi ya kesho. Shida ni esei. Ya kwanza nilijaza kurasa sita za nani alisema nini, ikarudi imeandikwa pembeni "hoja yako iko wapi?" Niliumia sana ila lekchara alikuwa sahihi, sikujua hata hoja inajengwaje.

Mantiki sasa, huko hakuna stori. Ni alama, mazoezi na asaimenti kila wiki, jedwali la ukweli (linaloorodhesha kila namna kauli zinavyoweza kuwa kweli au uongo) lenye kauli tatu lina mistari 8, zikiwa tano ni mistari 32 na ukikosea mmoja jibu lote linaweza kuharibika. Kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani hakusaidii, lazima mkono uzoee. Kilichonitesa zaidi ni ile "ikiwa A basi B" kuhesabiwa kweli hata pale A ni uongo, nilibishana nayo karibu mwezi mzima mpaka nikaichukulia kama ahadi: nimekuambia nikishinda nakupa zawadi, sasa nisiposhinda hata nisipokupa chochote sijakudanganya. Hapo ndo ikaingia.

Nilivyomaliza nikarudi kwa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, ile hoja yake ya mwaka 1637, kwamba naweza kujifanya sina mwili lakini siwezi kujifanya kuwa mimi sipo, kwa hiyo mimi na mwili wangu ni vitu viwili. Mwanzo niliikubali yote. Safari hii nikaiweka kwenye mizani pamoja na hoja nyingine: namjua baba yangu, huyu aliyefunika uso simjui, kwa hiyo huyu si baba yangu. Umeona? Anaweza kuwa ndo yeye! Umbo la hoja zote mbili ni lile lile, na halibebi hitimisho. Nilifurahi mno siku hiyo, yaani nilihisi nimepewa macho.

Ila pia niseme ukweli, swali lenyewe halikuisha. Mimi ni nani kama si mwili tu? Jedwali halina jibu la hilo, mantiki inakuambia hitimisho linafuata au halifuati, kama dhana ulizoanzia ni za kweli hiyo ni kazi ya kwako. Ndo maana simshauri mtu aishie kwenye mantiki peke yake kama anaweza kupata zote.

Nafasi ikiwa ni moja tu chukua mantiki, hasa anayesoma sheria au kompyuta, maana zile "na", "au", "siyo" utakutana nazo kwenye programu kila siku. Ukiwa na nafasi mbili anza na mantiki, falsafa ifuate. Na kabla hujasajili uliza kama kuna semina za mazoezi na watu wa kusahihisha kazi kila wiki, kama hakuna subiri semista nyingine.